Joe Foss: hesabu ya ndege 26 na njia ya kwenda Pierre

Wasifu wa Joe Foss, rubani wa kivita wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, karibu wote huanza na namba 26. Ndege 26 za Wajapani zilizodunguliwa, Nishani ya Heshima (nishani ya juu kabisa ya kijeshi Marekani), kisha ubunge, kisha ugavana huko Pierre, mji mkuu wa jimbo la South Dakota, kana kwamba ilikuwa ngazi moja na mtu akaipanda tu. Mambo hayakwenda hivyo. Namba yenyewe ina utata wake. Ubunge alioupata si ule anaoufikiria msomaji wa Kiswahili anaposikia "mbunge wa Marekani". Na pamoja na nishani yake, wapigakura walimkataa zaidi ya mara moja. Vita, hesabu na kura vina kanuni zake, kila kimoja mbali, na ukivichanganya humwelewi mtu huyu.

Joseph Jacob Foss alizaliwa tarehe 17 Aprili 1915 kwenye shamba lisilo na umeme karibu na Sioux Falls, jimbo la South Dakota, katika nyanda za kaskazini mwa Marekani. Mwaka 1933 baba yake aliuawa na waya wa umeme ulioangushwa na dhoruba, na kijana akabaki na mama na ndugu kulishikilia shamba katika miaka ya ukame na vumbi. Alisoma kwa kusuasua, karo na masomo ya urubani akivilipia kwa kazi ya kituo cha mafuta. Baada ya Chuo Kikuu cha South Dakota, mwaka 1940, aliomba lifti za magari hadi Minneapolis kwenda kujiandikisha katika Marine, jeshi la Marekani linalopigana kutoka baharini hadi nchi kavu. Mabawa ya urubani aliyapata Pensacola, Florida, Machi 1941.

Hapo umri ukamponza. Akiwa anaingia miaka 26 alionekana mzee kwa ndege za kivita, akapangiwa kikosi cha kupiga picha za angani. Aliwasumbua wakubwa wake hadi katikati ya 1942 akaruhusiwa kujifunza kuendesha ndege ya kivita ya Grumman F4F Wildcat, na ndani ya wiki chache akakusanya zaidi ya saa 150 hewani. Saa hizo zina uzito kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Mwaka huo marubani wengi walipelekwa Pasifiki wakiwa na saa chache mno katika ndege waliyotarajiwa kupigana nayo.

Nusu saa ya kupanda, sekunde 18 za kupiga

Tarehe 9 Oktoba 1942 kikosi cha VMF-121, Foss akiwa msaidizi wa kamanda, kiliruka kutoka meli ndogo ya kubebea ndege USS Copahee kwenda Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon. Uwanja wa ndege waliokwenda kuulinda ulianza kujengwa na Wajapani, Wamarekani wakaunyakua Agosti na kuuita Henderson, jina la rubani wa Marine aliyekufa katika mapigano ya Midway. Wakati wa mvua ulikuwa tope, wakati wa jua vumbi, na siku nne tu baada ya Foss kufika, manowari mbili za Japani, Kongo na Haruna, zilikuja usiku zikaurushia makombora zaidi ya 900 ya inchi 14. Ndege nyingi ziliharibika, petroli nayo ikateketea.

Kuelewa jinsi mtu anavyodungua ndege tatu kwa siku moja mahali kama hapo, anza na ratiba. Ndege za mabomu za Japani zilitoka kituo chao cha Rabaul, kiasi cha kilomita 1,000 kaskazini magharibi. Kwa kuwa zilitaka kuondoka asubuhi na kurudi kabla ya giza, zilifika Guadalcanal karibu na adhuhuri. Njiani zilipita juu ya kisiwa cha Bougainville, ambako walinzi wa pwani waliojificha msituni na redio waliziona na kutuma taarifa. Henderson ikapata saa mbili hivi za kujiandaa. Ni nyingi, lakini si nyingi kwa Wildcat. Ndege hiyo iliyobeba injini ya nguvu za farasi 1,200 ilihitaji nusu saa au zaidi kufika mita 8,000 na kitu, na bila kuwa juu ya adui haikuwa na la kufanya.

Haikuwa na la kufanya kwa sababu ya Zero. Ndege ya kivita ya Japani ilikuwa na uzito wa kilo 2,400 hivi ikiwa imejaa, na Wildcat karibu 3,600. Zero ilipanda haraka zaidi, ilikata kona kwa wepesi zaidi na ilikwenda mbali zaidi. Wepesi huo ulilipiwa mahali pengine: haikuwa na bamba la chuma nyuma ya rubani, wala matanki yake ya mafuta hayakuwa na utando wa mpira wa kujiziba yakitobolewa. Risasi chache za nusu inchi zikiingia kwenye shina la bawa, Zero iliwaka. Wildcat, kwa upande wake, iliweza kurudi na matundu mengi kiasi kwamba mafundi walichoka kuyahesabu.

Kwa hiyo mbinu ilikuwa moja, na aliyeiacha aliijutia. Panda mapema, kaa juu, shuka kwa kasi upande wa adui au kutoka utosini kwake, piga, endelea kushuka, usigeuke kushindana naye kona. Ndege za mabomu zilikuja kwa umbo la V, bunduki zao nyingi zikitazama nyuma. Ukizishukia kutoka juu unapita mahali ambapo bunduki chache tu zinakufikia, lakini unapata sekunde mbili au tatu za kulenga na basi.

Sekunde hizo ni za thamani. Wildcat ya aina ya F4F-4 ilikuwa na bunduki sita za rashasha, kila moja na risasi 240. Kwa kasi ya risasi 800 hivi kwa dakika, shehena yote inakwisha kwa sekunde 18. Aina iliyotangulia ilikuwa na bunduki nne tu lakini risasi 450 kwa kila moja, na marubani wengi waliona ile ndiyo hesabu nzuri. Bunduki ziko mabawani, si puani, hivyo zilielekezwa kidogo ndani ili mikondo ya risasi ikutane umbali fulani mbele, kwa kawaida mita 250 hadi 300. Ukipiga ukiwa mbali zaidi, risasi zinapishana na kutawanyika. Foss alikuwa mwindaji tangu utotoni, na mtu aliyezoea kumpiga ndege anayeruka anajua jambo ambalo darasani huchukua wiki kuingia: hulengi mahali alipo, unalenga mahali atakapokuwa. Hata hivyo dawa yake kubwa ilikuwa rahisi kuliko hiyo. Alisogea karibu sana kabla ya kufyatua.

Mengi yaliharibika hata bila adui. Magurudumu ya Wildcat yalikunjwa kwa mkono, kwa kuzungusha mpini karibu mara 30 huku mkono wa pili ukiongoza ndege, ndiyo maana Wildcat inayoruka ilionekana ikiyumba mara baada ya kuacha ardhi. Mpini ukiponyoka, unazunguka wenyewe kwa nguvu na unaweza kuvunja kiganja. Juu kwenye baridi kali, grisi ya bunduki iliganda na bunduki zikagoma, hivyo mafundi wa silaha walizifuta hadi zikabaki karibu kavu. Na chini kulikuwa na malaria. Waliolala Guadalcanal kwa wiki sita walipewa vidonge vya atabrini vilivyowafanya ngozi kuwa ya manjano, na wengi waliugua vilevile, Foss akiwa mmoja wao.

Tarehe 13 Oktoba, siku nne baada ya kufika, alipata Zero yake ya kwanza, na saa hiyohiyo nusura iwe ya mwisho. Zero ilimpita kwa kasi ikaingia mbele ya bunduki zake, akafyatua, ikalipuka. Zero nyingine zilizokuwa nyuma ya Foss zikampiga, oili ikamwagika, na injini isiyo na oili haichukui muda kukwama. Foss akaielekeza ndege chini moja kwa moja hadi Henderson, Zero tatu zikiwa mkiani, akatua kwa kasi kubwa bila injini na bila vibawa vya kupunguzia mwendo. Watu husimulia kisa hiki kama ushujaa. Mimi naona ndani yake kosa la mgeni: alitazama mbele alipofyatua, hakutazama nyuma. Yeye mwenyewe hakulirudia. Aliyekuwa akigeuza shingo huku na huku bila kukoma tangu siku ile hakuhitaji kuambiwa sababu.

Tarehe 7 Novemba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baada ya kushambulia msafara wa meli za Japani alipigwa na mpiga bunduki wa nyuma wa ndege ya kuelea, akapotezana na wenzake katika mvua, injini ikafa, akaangukia baharini karibu na kisiwa cha Malaita. Kuanguka baharini kuna utaratibu wake: fungua kioo cha juu na kukifunga kisirudi, legeza parachuti, kaza mikanda ya kiti, shusha mkia kwanza. Ndege yake ilizamisha pua, kioo kikajifunga kwa kishindo, maji yakajaa, na mguu wake ukanaswa chini ya kiti. Parachuti na koti la kuokolea vilivuta mwili juu wakati mguu unavutwa chini na ndege. Aliutoa akiwa amekwisha kunywa maji mengi. Alielea kwa saa kadhaa, giza likaingia, hadi watu wa Malaita walipomfikia kwa mtumbwi na kumpeleka kwenye misheni ya Kikatoliki. Kesho yake alichukuliwa na ndege ya Catalina inayotua majini.

Wiki iliyofuata, tarehe 14 Novemba, aliona upande wa pili wa bahati hiyo. Kamanda aliyeheshimiwa kuliko wote kati ya marubani wa Guadalcanal, Luteni Kanali Joe Bauer, aliangukia baharini. Foss alimwona akiwa hai majini, akarudi mbio kutafuta ndege ya kuelea ya kumwokoa. Walipofika, giza lilikuwa limeshaingia. Msako wa kesho yake haukumpata.

Nani anahesabu

Sasa namba. Nani alisema ni 26?

Ndege nyingi za kivita mwaka 1942 hazikuwa na kamera ya bunduki. Rubani akitua, ofisa wa upelelezi wa kikosi alimkalisha chini na kumuuliza: uliipiga wapi, ilifanya nini, nani mwingine aliiona. Ikilipuka, rubani akiiruka kwa parachuti, au ikionekana ikigonga maji au ardhi, inaandikwa imedunguliwa. Ikionekana mara ya mwisho inashuka, bila mtu kuuona mwisho wake, mara nyingi ni "huenda". Ikitoa moshi tu, ni "imeharibiwa". Nyaraka ya nishani ya Foss inaonyesha hesabu yenyewe waziwazi: ndege 23 kati ya 9 Oktoba na 19 Novemba 1942, na 3 zaidi tarehe 15 Januari 1943. Jumla 26, sawa kabisa na rekodi ya rubani wa Marekani Eddie Rickenbacker ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulinganifu huo ndio uliozipa magazeti kichwa cha habari.

Tatizo ni kwamba katika kila mapigano ya angani ya vita ile, pande zote ziliandika zaidi ya zilichodungua. Si uongo, au mara chache ni uongo. Marubani wawili wanaipiga ndege moja kutoka pande mbili bila kuonana, kila mmoja anaiona ikianguka. Rubani wa Japani anasukuma injini hadi mwisho na kupiga mbizi, moshi mweusi unatoka, na anayemtazama kutoka juu anaamini amemmaliza. Anayemfuata adui hadi chini ili ahakikishe anaanguka anajiweka yeye mwenyewe kuwa windo. Ndiyo maana wanahistoria wanaolinganisha madai ya Wamarekani na kumbukumbu za hasara za Wajapani juu ya Guadalcanal hukuta upungufu, na wakigeuza upande wanaukuta vilevile. Kwa hiyo 26 ni idadi ya madai yaliyokubaliwa rasmi. Ni kipimo cha kazi yake, na ni kipimo kizuri kuliko vingi, ila si orodha ya mabaki yaliyookotwa.

Kuna na mzozo wa pembeni. Richard Bong wa jeshi la nchi kavu alimaliza vita na ndege 40, hivyo Foss si wa kwanza Marekani. Ndani ya Marine, Pappy Boyington hutajwa na 28, lakini 6 kati ya hizo ni za alipokuwa na kikosi cha kujitolea China, na kumbukumbu za kikosi hicho zinampa chache zaidi. Ukihesabu ndege zilizodunguliwa wakati mtu anatumikia Marine tu, Foss ndiye wa juu.

Binafsi naona siku iliyo muhimu kuliko zote haimo kabisa kwenye hesabu yake. Tarehe 25 Januari 1943 alikuwa na Wildcat 8, na ndege nne za kivita aina ya P-38 za jeshi la nchi kavu, mbele ya kundi kubwa la Wajapani lililowazidi mno. Zero nne zilidunguliwa, na ndege za mabomu zikageuza bila kuangusha hata bomu moja. Kudungua ndege kulikuwa njia. Kazi ilikuwa uwanja usipigwe. Kundi lake la ndege 8, ambalo watu walizoea kuliita Sarakasi ya Foss na ambalo lenyewe liligawanyika kwa mzaha kati ya Vijana wa Shamba na Wajanja wa Mjini, liliandikiwa ndege 72.

Rais Franklin Roosevelt alimvisha Nishani ya Heshima Ikulu tarehe 18 Mei 1943, na Juni akawa kwenye jalada la jarida la Life. Kisha serikali ikamfanyisha kazi ambayo mashujaa wengi waliichukia: kuzunguka nchi nzima akihutubia viwanda na mikutano ya kuuza hati za mkopo wa vita. Alirudi Pasifiki 1944 kuongoza kikosi cha VMF-115 kilichotumia ndege za Corsair, akiwa kisiwani Emirau, lakini adui hakuonekana tena angani na malaria ikamrudisha nyumbani. Ziara ile ya hotuba aliyoichukulia kama adhabu ndiyo iliyomfundisha kusimama mbele ya watu wasiomjua.

Ubunge wa msimu wa baridi

Baada ya vita alirudi Sioux Falls akafungua kampuni ndogo ya ndege za kukodi na mafunzo ya urubani. Mwaka 1946 alipewa kazi ya kuunda tawi la anga la Walinzi wa Taifa wa South Dakota, kikosi cha 175 cha ndege za kivita, chenye ndege za Mustang. Taasisi hii huchanganya wageni. Walinzi wa Taifa ni wanajeshi wa muda, wenye kazi zao za uraia, na katika hali ya kawaida wako chini ya gavana wa jimbo. Rais akiwaita, wanageuka kuwa jeshi la nchi. Wakati wa vita vya Korea kikosi cha Foss kiliitwa, naye akatumikia Jeshi la Anga kama kanali katika kamandi ya ulinzi wa anga, na baadaye akawa brigedia jenerali. Kwa hiyo alipokuwa gavana, alikuwa pia ofisa wa jeshi ambalo amiri wake mkuu alikuwa gavana. Hakuna aliyewahi kumtii mkubwa wake kwa urahisi zaidi.

Mwaka 1948 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la South Dakota kwa tiketi ya Republican, akatumikia vipindi viwili. Hili si Baraza la Wawakilishi la Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, katiba yake, kodi zake na mahakama zake, na karibu yote yana mabaraza mawili kama lile la taifa. Jimbo ndilo linaloamua kuhusu shule, barabara, leseni, ardhi, magereza na sehemu kubwa ya sheria za jinai. Bunge la South Dakota hukaa Pierre, mji mdogo kando ya Mto Missouri, zaidi ya kilomita 350 kutoka Sioux Falls kwa barabara. Leo lina maseneta 35 na wawakilishi 70, kila wilaya ya uchaguzi ikitoa seneta mmoja na wawakilishi wawili.

Kinachoeleza jinsi rubani mwenye biashara ya ndege alivyoweza kuwa mbunge ni kalenda. Enzi za Foss bunge lilikutana katika miaka isiyogawanyika kwa mbili tu, kuanzia Januari, kwa siku zisizozidi 60. Vikao vya kila mwaka vilianza baadaye, katika miaka ya 1960. Januari na Februari huko ardhi imeganda, hakuna wa kupanda mahindi wala ngano, na mkulima anaweza kuondoka shambani. Ubunge haukuwa kazi ya kuishi nayo. Ulikuwa wajibu wa msimu unaofanywa na wakulima, wafugaji, mawakili, wenye maduka, na katika kisa hiki mkufunzi wa urubani.

Muda mfupi namna hiyo unalazimisha utaratibu mkali, na jinsi South Dakota inavyoendesha miswada hadi leo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mswada ukiwasilishwa husomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati. Kamati haiwezi kuukalia, kwa maana kila mswada lazima usikilizwe na upigiwe kura. Wajumbe wa kamati wanaotaka kuua mswada bila maneno makali huuahirisha hadi siku ya 41 ya kikao. Kikao hakizidi siku 40. Mbunge asiyekubali anaweza kukusanya theluthi moja ya wajumbe wa baraza lake na kuutoa mswada kamatini kwa nguvu, kitu ambacho wenyeji hukiita kuufukizia moshi, kama unavyomtoa mnyama shimoni. Ukipita baraza moja unaanza upya la pili. Kisha gavana anasaini au anaupigia kura ya turufu, na turufu huvunjwa kwa theluthi mbili za kila baraza. Sheria ya kawaida huanza kazi tarehe 1 Julai. Ukitaka ianze mara moja unahitaji kifungu cha dharura, na kifungu hicho nacho kinataka theluthi mbili: leo kura 24 za Seneti na 47 za Wawakilishi. Watu wengi wanaohesabu "wingi" husahau hapo, na mswada wao hufa ukiwa na kura zaidi ya nusu.

Juu ya yote kuna wananchi wenyewe. South Dakota ilikuwa jimbo la kwanza Marekani, mwaka 1898, kuwapa wapigakura haki ya kupendekeza sheria kwa saini na ya kuzipeleka sheria za bunge kwenye kura ya wote. Mbunge mgeni huko hujifunza haraka kwamba anachokipitisha Machi kinaweza kufutwa Novemba. Mtu aliyezoea amri za jeshi huliona hilo jambo geni kabisa.

Alipokutana na rubani mwenzake

Mwaka 1950 Foss aliomba uteuzi wa chama chake kugombea ugavana akaukosa. Aliyeupata ni Sigurd Anderson. Mwaka 1954 alishinda, akaapishwa Januari 1955 akiwa na miaka 39, gavana mdogo kuliko wote waliowahi kuliongoza jimbo hilo hadi wakati huo. Kipindi kilikuwa miaka miwili tu, na mwaka 1956 alimshinda Ralph Herseth akaongeza cha pili.

Mwaka 1958 akaamua kugombea kiti cha taifa, Baraza la Wawakilishi la Washington. Aliyekikalia alikuwa George McGovern wa Democratic, mwalimu wa historia aliyechaguliwa 1956. Magazeti yalimtaja McGovern kama mtu wa vitabu, na wengi hawakujua, maana hakupenda kulisema, kwamba naye alikuwa rubani wa vita: safari 35 za kushambulia kwa ndege ya mabomu ya B-24 akitokea Cerignola, Italia, na nishani ya urubani kwa kutua na ndege iliyoharibika. Kati ya marubani hawa wawili, mmoja alikuwa na namba kila mtu anayoijua. Mwingine alikuwa na jambo zito zaidi mwaka ule, bei ya mazao. Wakulima wa South Dakota walikuwa wamechoshwa na waziri wa kilimo wa Rais Eisenhower, Ezra Taft Benson, aliyetaka serikali ipunguze mkono wake kwenye bei, na Republican walilipia hilo nchi nzima. McGovern alibaki na kiti. Siku hiyohiyo ugavana nao ulichukuliwa na Herseth, yule aliyeshindwa na Foss miaka miwili kabla.

Yaliyobaki ya maisha yake yana sifa zao lakini hayana utata mwingi: kamishna wa AFL, ligi ya mpira wa Kimarekani (si soka) iliyokuwa ikishindana na ile kubwa, NFL, hadi 1966, vipindi vya televisheni vya uwindaji, urais wa chama cha wamiliki wa bunduki, 1988 hadi 1990. Uwanja wa ndege wa Sioux Falls unaitwa Joe Foss Field. Januari 2002, akiwa na miaka 86 na akielekea kuzungumza na makadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point, alizuiliwa uwanja wa ndege wa Phoenix kwa sababu ya kitu cha chuma kilichokuwa na ncha tano mfukoni mwake. Nishani ya Heshima ya wanamaji na Marine ni nyota ya shaba iliyoning'inia kwenye nanga, na walinzi wale hawakuwahi kuiona. Alifariki tarehe 1 Januari 2003, akazikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington.

South Dakota ilipata rubani mwingine mwenye nishani hiyo aliyefuata njia ileile kwa mpangilio uliopinduka. Leo Thorsness aliendesha ndege ya kivita ya F-105 juu ya Vietnam ya Kaskazini kuwinda vituo vya makombora, akadunguliwa tarehe 30 Aprili 1967 na kukaa kifungoni karibu miaka sita. Mwaka 1974 aligombea Seneti ya taifa South Dakota dhidi ya McGovern huyohuyo, akashindwa. Mwaka 1978 aligombea Baraza la Wawakilishi dhidi ya kijana Tom Daschle, kura zikahesabiwa upya, akashindwa kwa 139. Akahamia upande wa pili wa nchi, na huko, mwaka 1988, jimbo la Washington (si mji mkuu wa nchi) likamchagua kuwa seneta katika bunge lake.